Kompyuta ya Studio Inapokwaruza, Kuchelewa au Kuchoka: Tatizo kwa Tatizo

Kijana mmoja aliniwekea laptopu mbili mezani, moja yake, moja ya mwenzake. Yake ina stika ya i7 na kwenye mfumo inasomeka 2.6 GHz. Ya mwenzake ni i5, inasomeka 1.6 GHz. Biti ileile, FL Studio (programu ya kutengenezea muziki) ileile: yake inaanza kukwaruza kiitikio kinapoingia, ya mwenzake inateleza mpaka mwisho.

"Kaka, nimepigwa?"

Nikafungua Task Manager, nikamwonyesha mstari mmoja tu. Yake ni i7-6600U, kori 2, yaani vichwa viwili vya kukokotoa ndani ya prosesa. Ya mwenzake ni i5-8250U, kori 4. Zote mbili zikipandisha kasi zinafika 3.4 GHz. "Hujapigwa, mdogo wangu. Umenunua stika."

Malalamiko ya maprodyuza kuhusu kompyuta zao hayazidi saba au nane, yanabadilisha mwenye laptopu tu. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili nimeanza na kinachotokea mara nyingi, na kipimo chepesi kimetangulia kile kinachohitaji bisibisi. Fuata mpangilio huo na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu na tatizo likaisha, hutajua kilichokuponya, na likirudi utaanza upya.

Kabla hujagusa chochote, elewa hili. Sauti hupelekwa kwenye spika kwa mafungu, na ukubwa wa fungu ndio unaoitwa bafa. Kwa sampuli (vipimo vidogovidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 ni milisekunde 2.9, ya 256 ni 5.8, ya 512 ni 11.6, ya 1024 ni 23.2. Ndani ya muda huo kila kinanda, kila riverbu (mwangwi) na kila limita (kizuizi cha sauti isizidi) iwe imeshamaliza hesabu zake. Ni kama pantoni ya Kigamboni: ikishaondoka imeondoka, uliyebaki ng'ambo umebaki. Fungu likichelewa hata mara moja, spika inakosa cha kupiga na wewe unasikia "tki". Ndiyo maana mashine nzuri kwa wastani inaweza kuwa mbaya studio. Wastani hausikiki. Kinachosikika ni ile mara moja iliyochelewa.

Dalili ya kwanza: sauti inakwaruza, inakatika, inatoa "tki-tki"

Hili ndilo linaloleta watu wengi. Anza na kipimo kisicho na gharama: toa wimbo kama faili la WAV, ulisikilize kwenye simu. Wakati wa kutoa faili, kompyuta haikimbizani na muda, inaweza kuhesabu polepole inavyotaka. Kama WAV ni safi, tatizo ni kompyuta kushindwa kuwahi wakati wa kucheza. Kama mkwaruzo umo hata ndani ya WAV, acha kuilaumu kompyuta. Angalia chaneli ya masta, ile inayokusanya sauti zote, kama inavuka 0 dB, angalia sampo yenyewe (kipande cha sauti ulichotumia), angalia plagini (programu ndogo ya ala au ya kurekebisha sauti) uliyoweka mwisho. Nimeshaona mtu akinunua RAM kwa sababu ya kiki (ngoma nzito ya biti) iliyokuwa imezidishwa sauti hadi ikapasuka.

WAV ikiwa safi, shuka hivi.

Bafa ndogo kupita kiasi. Fungua mipangilio ya sauti uipandishe hadi 512, kisha 1024. FL Studio inakuonyesha kihesabu cha "Underruns" palepale. Hicho ndicho rafiki yako. Cheza sehemu nzito ya wimbo na uangalie namba. Ikiacha kupanda, umepata jibu. Bafa kubwa unapochanganya sauti si aibu, wala haiharibu ubora wa wimbo. Inachelewesha tu kati ya kubonyeza na kusikia.

Draiva (programu inayounganisha kifaa na mfumo) isiyofaa. Kwenye Windows, ukikuta programu imechagua draiva ya kawaida ya mfumo, ibadilishe iwe ya ASIO. Mfumo huo ulitengenezwa na Steinberg mahususi kwa kazi hii. Kama una saundi kadi ya nje, tumia ASIO ya mtengenezaji wake, ipakue kwenye tovuti yake. Kama huna, FL Studio ASIO au ASIO4ALL zitakuvusha. Watu wa Mac hawana kero hii, mfumo wao una Core Audio tayari.

Umeme wa laptopu. Laptopu iliyo kwenye betri, au iliyo kwenye mpango wa kubana matumizi, inalaza prosesa kila inapopata nafasi, halafu inachelewa kuiamsha. Chomeka chaja, chagua "High performance". Kama haipo kwenye mashine yako, weka mpangilio wa nishati kwenye "Best performance". Ukiwa hukohuko zima kipengele cha USB kulala, kwa sababu saundi kadi inayolazwa katikati ya kazi inakatika.

Chaneli moja iliyobebeshwa mzigo wa kijiji kizima. Hili lina sehemu yake hapa chini.

Draiva ya kitu kisichohusiana na muziki. Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu mita ya prosesa iko chini kabisa na bado kuna mkwaruzo kila baada ya sekunde kadhaa. Kadi ya Wi-Fi ndiyo mshukiwa wangu wa kwanza, kisha Bluetooth, kisha kadi ya picha. Zima Wi-Fi, sikiliza dakika mbili. Mkwaruzo ukikoma, umemkamata. Usipokoma, pakua LatencyMon, programu inayoonyesha draiva zinazochelewesha, iache ifanye kazi dakika kumi hivi, usome faili lililoshika muda mrefu zaidi. Jina la ndis.sys linaelekeza kwenye mtandao, nvlddmkm.sys kwenye kadi ya picha ya Nvidia, ACPI.sys kwenye mambo ya betri na nishati. Sasisha draiva husika kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, na kama haisaidii, zima kifaa hicho ukiwa kazini. Studio haihitaji Bluetooth wakati wa kurekodi.

Waya wa USB. Ondoa habu, chomeka saundi kadi moja kwa moja, badilisha tundu, badilisha waya. Saundi kadi inayokula umeme wa USB na kuilisha maiki ya kondensa kupitia habu ya bei chee itakusumbua tu.

Mwisho, nadra lakini ya ajabu: mita inapanda pale sauti inapofifia, wimbo ukishaisha kabisa. Riverbu au kichujio cha plagini ya zamani kinaendelea kukokotoa namba ndogo mno zinazokaribia sifuri, na namba hizo zinailemea prosesa kuliko namba za kawaida. Sasisha plagini hiyo au iondoe.

Dalili ya pili: mita ya programu imejaa, lakini Task Manager inasema asilimia 30

Swali hili naulizwa na watu waliokasirika, na nawaelewa. Wamelipia kori nane, sita zimekaa kijiweni.

Kuna sababu mbili, na zote ni za kawaida. Kwanza, mita hizi hazipimi kitu kimoja. Task Manager inapima shughuli za kori zote kwa wastani wa sekunde nzima. Mita ya programu ya muziki inapima ni sehemu gani ya muda wa bafa imetumika. Prosesa inaweza kuwa imepumzika kwa jumla huku fungu moja likikaribia kuchelewa.

Pili, plagini zilizopangwa kwenye chaneli moja zinafanya kazi kwa foleni. Kompresa haiwezi kuanza kabla ikwalaiza haijampa sauti, na limita haianzi kabla ya kompresa. Kwa hiyo mnyororo wote huo unabebwa na kori moja, hata ukiwa na kori 16. Na kila kitu kinaishia kwenye masta. Ukiweka masta plagini saba, mbili kati yake zikiwa zimewashwa "oversampling" (kukokotoa kwa sampuli nyingi zaidi), umeipa kori moja kazi ya wote.

Kipimo: zima plagini zote za masta. Mita ikianguka kutoka 95 hadi 50, mgonjwa ni huyo. Kisha zima chaneli moja moja, ukianza na ile yenye sinti (ala ya kielektroniki) nzito.

Dawa, kwa mpangilio: ondoa plagini za "mastering" wakati bado unatunga, zitarudi mwishoni. Punguza idadi ya sauti zinazolia pamoja kwenye sinti. Pedi yenye noti nne, kila noti ikiwa na sauti 16 zilizorundikwa, ni sauti 64. Igeuze chaneli nzito kuwa sauti ya kawaida, yaani itoe kama WAV uirudishe kwenye projekti. Hakikisha kwenye FL Studio visanduku viwili vya "Multithreaded" vimewekwa alama na "Smart disable" imewashwa. Kama projekti iko 96 kHz bila sababu, irudishe 44.1 au 48. 96 ni zaidi ya mara mbili ya mahesabu ya 44.1.

Hapo ndipo ulinganisho wa prosesa unapokuwa na maana. Kori nyingi zinakupa chaneli nyingi. Kasi ya kori moja inakupa mnyororo mrefu kwenye chaneli moja na bafa ndogo. Unahitaji vyote, lakini aliye na projekti ya chaneli 15 na masta mzito atafaidika zaidi na kasi ya kori moja. Ukisoma jina la prosesa ya Intel, herufi ya mwisho inasema mengi kuliko i5 au i7: i7-6600U ni ya wati 15, i5-7300HQ ni ya wati 45 na ina kori 4. Namba baada ya kistari inakuonyesha kizazi, na kizazi cha nane ndipo laptopu za U zilipoanza kupewa kori 4. Laptopu nyingi za mtumba madukani zimesimama pande mbili za mstari huo, zikifanana sura kama pacha.

Dalili ya tatu: inaanza vizuri, baada ya dakika ishirini inachoka

Joto. Kabla ya kutaja vumbi nitaje desturi yetu wenyewe: muda wa kurekodi sauti tunazima feni, tunazima kiyoyozi, tunafunga dirisha kwa godoro ili maiki isinase bodaboda. Chumba cha Dar mwezi wa Februari kikifungwa hivyo, watu wanne ndani, laptopu imelala juu ya kitambaa. Halafu tunashangaa inachoka pale pale msanii anapopata hisia.

Weka programu ya HWiNFO, cheza wimbo kwa dakika 15, angalia mistari miwili: joto la prosesa na kasi yake. Prosesa nyingi za laptopu za Intel zinajikinga zikifika nyuzi 100 hivi kwa kupunguza kasi. Ukiona joto 97 na kasi imetoka 3.4 hadi 1.7, huhitaji mganga.

Kasi ikishuka mapema, ndani ya nusu dakika, huku joto likiwa 70, hiyo si hitilafu. Prosesa za wati 15 zimeruhusiwa kuvuka kiwango chao kwa muda mfupi tu, kwa kawaida sekunde 28 hivi, kisha zinarudi. Ndiyo maana jaribio la dakika moja dukani linakudanganya.

Cha kufanya: inua laptopu kwa nyuma, hata vifuniko viwili vya chupa vinatosha. Ondoa kitambaa. Puliza vumbi kwenye matundu kwa hewa ya kopo huku ukiizuia feni isizunguke. Warekodi wasanii kwa vipande, kati ya vipande washa feni. Ikishindikana, fundi aifungue, asafishe, abadilishe krimu ya joto juu ya prosesa. Kwa mashine yenye miaka mitano ya pwani, chumvi na unyevu, krimu hiyo mara nyingi imeshakuwa chaki.

MacBook Air ya M1 haina feni kabisa. Itapunguza kasi ikichemka, kwa utulivu, bila kelele. Kwa kurekodia sauti chumba kimoja na maiki, ukimya huo naupenda.

Simama hapa: kama padi ya kugusa imeinuka, kibodi imevimba katikati au mfuniko haufungi sawasawa, betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze, usiitoboe, ipeleke kwa fundi. Usimalizie mixi kwanza.

Dalili ya nne: ghafla kila kitu kimekuwa konokono

Jana ilibeba chaneli 40, leo haifungui hata folda. Fungua Task Manager, soma kasi ya prosesa. Ikiwa imeganda kwenye 0.79 au 0.39 GHz na haipandi hata ukiipa kazi, angalia chaja kabla ya kitu chochote.

Laptopu nyingi huitambua chaja yake kupitia pini ndogo ya katikati. Isipoitambua, kwa sababu chaja ni ya kuiga, ya wati pungufu, au pini imepinda, inaiteremsha prosesa hadi chini kabisa ili isije ikavuta umeme usiotosha. Chomoa chaja uitumie kwa betri dakika moja. Kasi ikipanda ukiwa kwenye betri, umemaliza upelelezi. Mimi mwenyewe niliwahi kufuta Windows na kuiweka upya, nikapoteza Jumamosi nzima na orodha ya plagini zangu, kumbe ni chaja niliyonunua juu ya meza ya mtaani.

Kama chaja ni halali na kasi ya prosesa ni nzuri, panga orodha ya Task Manager kwa matumizi ya prosesa. Utakuta Windows inajisasisha, au kinga ya virusi inachambua folda ya sampo moja moja. Iambie kinga iruke folda ya sampo na ya projekti. Na ukikuta programu usiyoijua inakula asilimia 80 muda wote, kumbuka plagini za kuvunjwa ulizopakua: baadhi huja na mchimba sarafu za kidijitali ndani yake, anatumia prosesa yako na umeme wako wa luku. Hapo usitafute dawa ya kienyeji. Hifadhi projekti zako, safisha mashine yote, anza upya.

Dalili ya tano: unabonyeza, sauti inafika baadaye

Kwa biti ya taratibu hili linavumilika. Kwa singeli halivumiliki. Wimbo wa mapigo 90 kwa dakika, robo ya pigo ina milisekunde 167. Singeli ya mapigo 300, robo ya pigo ni milisekunde 50. Sauti ikichelewa 25, uko nusu ya njia kuelekea noti inayofuata. Hapo mpigaji anasema kinanda kibovu.

Sababu ya kwanza ni bafa kubwa uliyoiacha baada ya kutibu dalili ya kwanza. Ishushe hadi 128 au 256 unaporekodi, ipandishe ukichanganya. Ya pili ni hedifoni za Bluetooth: hizo zinachelewa kwa makumi ya milisekunde na mara nyingi zinavuka 100, hakuna mpangilio utakaoziponya, tafuta zenye waya. Ya tatu ni plagini zenye kuchungulia mbele, kama limita za masta na ikwalaiza za "linear phase". Zinahitaji kusoma sauti kabla ya kuitoa, na programu inachelewesha chaneli nyingine zote ili zilingane. Bafa yako inaweza kuwa 64 na bado msanii akasikia sauti yake ikitoka chumba cha pili. Zizime wakati wa kurekodi.

Mashine ikigoma kushuka chini ya 512, bonyeza kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja kwenye saundi kadi, halafu unyamazishe chaneli ya sauti kwenye programu. Msanii atajisikia kabla sauti haijapita kwenye kompyuta. Atakosa riverbu, lakini atakuwa kwenye pigo.

Dalili ya sita: projekti inafunguka kama inavutwa na kamba

Diski. Diski ya kuzunguka ya mapinduzi 5400 inasoma takriban MB 100 kwa sekunde kwenye faili moja refu, na sampo mia nane ndogondogo zinaishusha mara nyingi chini ya hapo. SSD (diski isiyozunguka) ya SATA inakaribia 550. NVMe, SSD ya aina ya kasi zaidi, inavuka 3000. Namba hizo zisikutie tamaa: kutoka diski ya kuzunguka hadi SSD yoyote ni mchana na usiku, kutoka SATA hadi NVMe kwa kazi ya biti utatofautisha kwa shida. Pesa iliyobaki weka kwenye RAM.

Na RAM yenyewe ipime badala ya kukisia. Fungua projekti yako nzito kuliko zote, soma kumbukumbu iliyotumika. Ukikuta 7.4 kati ya 8, mfumo umeshaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na hapo ndipo kuganda kunapotoka. Funga kivinjari kwanza, kina njaa kuliko FL Studio. GB 16 inawatosha wengi. Anayetumia maktaba za okestra atataka 32. Ukiona imetumika 5 kati ya 16, RAM zaidi haitakuongezea kasi hata chembe, muuzaji aseme atakavyo.

Usifungue projekti moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Inakili ndani kwanza.

Simama hapa: diski ikitoa mlio wa "tak, tak, tak", au programu ya kupima diski ya CrystalDiskInfo ikikuonyesha rangi ya njano au nyekundu, acha kuitumia. Nakili projekti kwanza, sampo baadaye, kwa mpangilio huo. Ikiwa imeshakataa kusoma na ndani kuna albamu ya mtu, usiijaribu tena na tena; kila ukiiwasha unapunguza nafasi ya mtaalamu wa kuokoa data.

Dalili ya saba: programu inajifunga yenyewe

Mara nyingi ni plagini moja. Kumbuka uliyoongeza mwisho, iondoe. Ikijifunga na kudai kumbukumbu imeisha huku una GB 16, unatumia programu ya biti 32 (32-bit, si biti ya muziki), ambayo haiwezi kufikia zaidi ya GB 4. Hamia ya biti 64. Ikijifunga ovyo kwenye programu zote, pamoja na skrini ya bluu, pima RAM usiku kucha kwa MemTest86. Kosa hata moja linatosha kukutuma kwa fundi.

Dalili ya nane: mvumo wa "mmmm" kwenye spika

Hili watu wanaliweka kwenye kapu la kompyuta dhaifu, wakati ni suala la umeme. Umeme wetu ni wa 50 Hz na mvumo unakuja hapo au kwenye 100. Chomoa chaja, laptopu ibaki na betri. Mvumo ukipotea, kuna mzunguko wa ardhi (umeme unaozunguka kupitia nyaya za ardhi) kati ya laptopu na spika, au nyumba haina ardhi kabisa. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, tumia waya za TRS au XLR kati ya saundi kadi na spika badala ya waya wa redio. Kwa kawaida inatosha.

Simama hapa, na hapa simama kweli: usikate wala usikunje pini ya ardhi ya plagi, hata aliyekushauri akiwa mkubwa wako kwenye mchezo. Pini hiyo ndiyo inayokuokoa hitilafu ikitokea. Na kama ukigusa ganda la laptopu unasikia linatekenya, au msanii anashtuka midomo inapogusa maiki, acha kurekodi. Mwite fundi umeme mwenye leseni, ambayo Tanzania hutolewa na EWURA na Kenya na EPRA, apime ardhi ya jengo. Fundi wa laptopu si fundi wa jengo.

Umefanya yote, bado: kulinganisha mashine kabla ya kutoa pesa

Usilinganishe kwa stika, wala kwa alama za programu za kupima zinazotumia kori zote kwa pamoja kwa dakika moja. Linganisha kwa muziki.

Njia yangu inaingia kwenye flashi. Pakua REAPER, programu ya muziki, ina siku 60 za majaribio bila kufungiwa kitu, na kisakinishi chake kinakubali kuwekwa kwenye flashi bila kugusa kompyuta ya muuzaji. Tengeneza projekti ndogo: chaneli moja yenye plagini zinazokuja na REAPER, yaani ReaSynth, ReaEQ, ReaComp na ReaVerbate, ikicheza kodi ileile kwa kujirudia. Chagua WASAPI (njia ya sauti iliyomo tayari ndani ya Windows), 44,100, bafa 256. Ingia kwenye mipangilio ya bafa uzime "Anticipative FX processing". Usipoizima, REAPER inahesabu sauti mapema na mashine dhaifu itaonekana shujaa.

Jaribio la kwanza: rudufu chaneli hiyo hadi isikike "tki", andika idadi. Hiyo ni nguvu ya kori zote. Jaribio la pili: rudi kwenye chaneli moja, rundika plagini kwenye mnyororo uleule hadi ikwame, andika idadi. Hiyo ni nguvu ya kori moja. Jaribio la tatu: punguza mzigo hadi robo tatu ya ile idadi ya kwanza, uache ucheze dakika 15, uangalie dirisha la "Performance Meter" kama hesabu ya "xruns" (mara ambazo fungu limechelewa) inapanda. Hilo ndilo jaribio la joto, na ndilo linalofelisha nyingi. Fanya chaja ikiwa imechomekwa, ileile utakayopewa uende nayo, kisha rudia nusu dakika ukiwa na betri uone betri yenyewe ikoje.

Leta pia namba za mashine yako ya sasa, zilizopimwa kwa flashi hiyohiyo, uwe na cha kufananisha. Kama mpya inakupa chaneli 60 na yako inakupa 52, rudi nyumbani ukanunue SSD. Kama muuzaji hakupi dakika 15 na soketi, duka la pili liko hatua tano mbele.